Cheche za Tesla na lebo ya akili mnemba: swali tunalouliza silo

Kuna picha moja ambayo kila baada ya miezi michache huibuka kwenye makundi ya WhatsApp. Mwanamume mwembamba mwenye masharubu, mvumbuzi wa umeme Nikola Tesla, ameketi kitini ndani ya jengo kubwa la mbao, anasoma. Juu ya kichwa chake na pande zote, radi imetapakaa kama mizizi ya mwembe uliong'olewa, na yeye hata hainui macho. Mara ya mwisho aliileta mjomba kwenye kundi la ukoo wetu, na vijana hawakumpa nafasi ya kupumua: "Hiyo ni AI, mjomba." Mjomba akajibu kwamba picha hiyo ipo tangu kabla babu yake hajazaliwa, kwa hiyo haiwezi kuwa ya AI, kwa hiyo ni ya kweli. Vijana walikosea kuhusu umri wa picha. Mjomba alikosea katika ile "kwa hiyo" ya pili, na kosa lake ndilo zito zaidi, kwa sababu siku hizi linajengewa mifumo na kampuni kubwa za teknolojia.

Mei 2024 kampuni ya Meta ilianza kubandika lebo kwenye Facebook na Instagram kuonyesha picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Kabla ya miezi miwili kuisha, wapiga picha walikuwa wamekwishapiga kelele: mtu amepiga picha halisi kwa kamera yake, amefuta doa dogo kwa programu ya kuhariri, na picha inatoka na lebo kana kwamba ameibuni yote. Julai mwaka huohuo maneno ya lebo yakalainishwa. Mjadala tangu hapo umekuwa ni wa kiufundi: lebo iwe kubwa au ndogo, mashine itambue vipi kazi ya mashine mwenzake. Wengi wameuchukulia mjadala huu kuwa ni wa kulinda ukweli wa picha. Mimi naona sivyo. Lebo inauliza kama picha ilitoka kwenye kamera au kwenye mashine ya kubuni, na kwa swali hilo picha ya mjomba inapita bila doa, maana kila chembe ya mwanga iliyomo iliingia kwa lenzi. Hata hivyo, tukio linaloonekana humo halikutokea. Kinachotuwezesha kuiamini au kutoiamini picha ya jaribio la kisayansi ni kumbukumbu ya nani alisimama wapi, lini, na nani yuko tayari kuulizwa. Hilo wanasayansi wa kwanza waliokaa mbele ya kamera walilijua vizuri kuliko sisi.

Turudi mwanzo. Agosti 19, 1839, jijini Paris, mwanasayansi François Arago alieleza hadharani namna msanii Louis Daguerre alivyokuwa akinasa taswira kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha: bamba linafukizwa kwa mvuke wa iodini, linawekwa kwenye kamera, kisha taswira inaibuliwa kwa mvuke wa zebaki. Habari ilipofika Philadelphia, kijana Robert Cornelius, ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya taa na kazi ya kupaka madini, alijipiga picha mwenyewe kabla mwaka huo haujaisha. Amesimama upande mmoja wa bamba, nywele timtim, mikono imekunjwa kifuani. Aliyeshirikiana naye katika kazi hiyo alikuwa Paul Beck Goddard, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyegundua kwamba kuongeza bromini kunapunguza muda ambao mtu analazimika kukaa bila kutikisika. Mwaka 1843 Cornelius alipigwa picha nyingine, safari hii akiwa na vyombo vya maabara. Huko New York, profesa wa kemia John William Draper alimpiga picha dada yake Dorothy. Katika majaribio yake ya awali alikuwa akipaka nyuso unga ili zing'ae vya kutosha. Kwa hiyo katika picha hizo za mwanzo, jaribio lenyewe la kemia lilikuwa kwenye bamba. Chupa na faneli zilizoshikwa mkononi zilikuwa pambo.

Zisingeweza kuwa kitu kingine. Bamba linalohitaji sekunde nyingi za utulivu haliwezi kunasa kimiminika kinachomiminwa wala moto unaoruka. Mwanasayansi alipotaka kuonekana akifanya jaribio, alilazimika kuacha kulifanya. Ndiyo maana ipo picha maarufu ya Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza wa umeme na sumaku, akiwa ameshika mche wa kioo, wa aina ile aliyoitumia mwaka 1845 kuonyesha kwamba sumaku inaweza kugeuza mwelekeo ambamo mawimbi ya mwanga hutikisika. Hakuna sumaku inayofanya kazi pale, wala taa, wala mwale wa mwanga. Kuna mzee aliyetulia na kipande cha kioo, basi. Ukitaka kumwona Faraday akiwa kazini, vyombo mezani na watu wamejaa viti, itabidi uache kamera uende kwenye mchoro wa Alexander Blaikley, unaomwonyesha katika mihadhara ya Krismasi ya taasisi ya sayansi ya Royal Institution jijini London mwishoni mwa 1855, Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Mkono wa mchoraji ulisema mengi kuhusu jaribio kuliko lenzi. Na kabla hatujawacheka watu wa karne ya 19, nakumbuka siku mpiga picha alipokuja shuleni kwetu: koti jeupe lilikuwa moja, likazunguka kwa darasa zima, na ndani ya vile vyombo vya kioo tulitia juisi ya unga, nyekundu na kijani. Picha ile ilikuwa ya kamera halali kabisa.

Mfano wenye uzito zaidi unatoka Boston. Oktoba 16, 1846, katika hospitali ya Massachusetts General, daktari wa meno William Morton alimvutisha etha, mvuke wa kumtia usingizi, mgonjwa Gilbert Abbott, na mpasuaji John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni mbele ya hadhira. Kwa wengi hiyo ndiyo siku nusukaputi ilipojulikana duniani. Kamera haikupiga chochote siku ile. Picha tulizo nazo zilipigwa baadaye na studio ya Southworth na Hawes, na mojawapo ni maigizo: madaktari wameizunguka tena meza, wamevaa makoti ya mitaani kama ilivyokuwa desturi, mgonjwa amelazwa, kila mtu ametulia akisubiri bamba lishibe mwanga. Picha nyingine za mfululizo huo zinahusu upasuaji wa kweli wa mwaka 1847. Ukiziweka kando kwa kando bila maelezo, jicho halikuambii ipi ni ipi. Mashine ya kutambua akili mnemba nayo haitakuambia, maana hakuna cha kutambua. Anayekuambia ni mtunza kumbukumbu aliyeandika tofauti hiyo, na mtu wa leo anayeona umuhimu wa kuinakili picha pamoja na maandishi yake.

Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alikwenda mbali zaidi, na kwake ndipo suala linapokuwa gumu. Kitabu chake cha mwaka 1862 kuhusu sura ya binadamu kina picha za yeye mwenyewe akibonyeza elektrodi, yaani ncha za kupitishia umeme, kwenye uso wa mzee mmoja, fundi viatu, ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa na ganzi kiasi kwamba umeme haukumuumiza sana. Katika picha nyingine mzee anakenua, katika nyingine amepigwa na hofu kuu, macho na mdomo wazi. Hofu haikuwepo, misuli ilikuwa imekazwa kwa waya. Umeme ulimfaa Duchenne kwa sababu mbili: ulitenga msuli mmoja mmoja, na uliushikilia uso katika hali moja kwa muda ambao kamera ya wakati ule ilihitaji. Mikono yake na vifaa vyake vimo ndani ya picha, naye hakuvificha, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa hoja yake. Mwaka 1872 Charles Darwin alitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Uso wa hofu ulipochongwa upya ili uchapishwe, elektrodi na mikono ya Duchenne viliondolewa. Msomaji aliyesoma kitabu kizima aliambiwa kwamba Duchenne alikuwa akitumia umeme. Aliyefungua ukurasa wa mchoro tu alimwona mzee anayeogopa.

Hapo mtu anaweza kusema Darwin alighushi. Mimi nasita. Hoja yake ilihusu uso, na vifaa vingemvuruga msomaji. Tena alimtaja Duchenne na kueleza njia yake. Lakini ona kilichotokea: ukweli ulihama kutoka ndani ya picha ukaenda kukaa kwenye maandishi, kurasa kadhaa mbali. Kuanzia hapo picha ikawa kama mtoto aliyetumwa dukani bila karatasi. Atafika, ila alichotumwa kinategemea kumbukumbu ya wale anaokutana nao njiani.

Sasa turudi kwa mjomba. Nikola Tesla alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1899 akajenga kituo cha majaribio ya umeme wa msukumo mkubwa mno. Desemba mwaka ule mpiga picha Dickenson Alley alifanya naye kazi humo. Cheche zilikuwa za kweli, zenye urefu wa takriban mita 7. Jengo lilikuwa la kweli, na koili pia, yaani mzingo wa waya uliozirusha cheche hizo. Lakini cheche nyingi kiasi kile hazikuruka kwa mpigo mmoja. Swichi iliwashwa na kuzimwa tena na tena gizani, lenzi ikiwa wazi, na kila mpigo ukaongeza matawi yake juu ya kioo kilekile cha kunasia picha. Tesla naye aliwekwa juu ya kioo hichohicho kwa wakati mwingine, mashine ikiwa imezimwa. Angekaa pale wakati cheche zinaruka, hadithi yake ingeishia Colorado. Na mwenyewe aliliandika hilo katika daftari lake la kazi: kwamba bila shaka umeme haukuwa ukiruka wakati anayeonekana pale anapigwa picha. Aliliandika kwa utani kidogo, kama mtu anayefikiri kwamba nani mwenye akili zake angedhani vingine. Mtu alihitajika kwenye picha ili mtazamaji apate kipimo. Bila mtu, cheche ya mita 7 na cheche ya sentimita 7 zinafanana.

Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1978. Picha ilikuwa imekwishatangulia kwa karibu miaka 80. Juni 1900 picha za Colorado zilisindikiza makala ndefu ya Tesla katika jarida la Century la New York, na mwaka uliofuata tajiri J.P. Morgan alimpa dola 150,000 kwa mradi wake mpya wa kurusha ishara na nishati bila waya. Juni 1901 Tesla aliisaini nakala ya picha ile ya kitini akampelekea Sir William Crookes jijini London, mwanafizikia aliyekuwa ametumia miaka mingi na mirija yake ya umeme. Crookes hakuhitaji kuambiwa kwamba mtu haketi ndani ya cheche za namna ile. Kwa mtaalamu huyo picha ilikuwa mchoro wa kipimo. Mwenye fedha aliweza kuiona kama ahadi, na mjomba wangu ameipokea kama muujiza. Kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anajua nini kuhusu siku ile ya Desemba.

Kuna watu wawili ninaowasikia wakijibu hoja ya namna hii. Wa kwanza anafurahi: kumbe picha zimekuwa uongo tangu mwanzo, Tesla alichezea kioo, madaktari wa Boston waliigiza, basi kelele za akili mnemba ni za nini? Huyu ana hoja dhaifu kuliko zote, ingawa inasikika ya kijanja. Inachanganya kuigiza na kubuni. Waigizaji wa Boston walirudia jambo lililokuwa limetokea kweli, mbele ya mashahidi waliokuwa hai na walioweza kuulizwa. Koili ya Tesla ilikuwa na uzito, ilitumia umeme, na vipimo vyake vimo daftarini; mhandisi wa leo anaweza kuvipiga hesabu na kusema hiki kinawezekana, hiki hakiwezekani. Mche wa Faraday ulikuwa kioo kinachoshikika. Hata elektrodi zilizoondolewa kwenye mchoro wa Darwin bado zipo kwenye picha ya Duchenne, na mtu yeyote anaweza kuzilinganisha mbili hizo. Picha hizi zote zina nyuma yake mahali unapoweza kurudi. Picha iliyotemwa na mashine baada ya mtu kuandika "mwanasayansi wa zamani akifanya jaribio la radi" haina mahali hapo. Ukiifuata nyuma unafika kwenye sentensi. Asiyeona tofauti hiyo ni sawa na anayesema cheti cha kuzaliwa na hadithi ya sungura ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vimeandikwa.

Wa pili ana hoja nzito, na lazima nimpe haki yake. Anasema: hayo ya daftari na watunza kumbukumbu ni ya wenye muda. Mtu wa kawaida anapitisha picha mia moja kwa kidole kabla daladala haijafika kituoni. Lebo, hata ikiwa butu, inamsaidia pale pale alipo. Nakubali kwamba wingi na kasi ni jambo jipya. Alley alihitaji safari ya kwenda Colorado na siku kadhaa za kazi gizani kupata alichokipata, na leo inachukua sekunde. Lakini lebo ina madhara yasiyosemwa. Ukibandika onyo kwenye baadhi ya vitu, watu huviona visivyo na onyo kuwa vimekaguliwa na kupita. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2020 kwa vichwa vya habari: onyo lilipowekwa kwenye baadhi ya habari za uongo, zile ambazo hazikuwekewa onyo zilianza kuaminiwa zaidi. Lihamishie kwenye picha, utaona kwamba hasara ya lebo haiko kwenye zile inazozikosea. Iko kwenye zile inazozinyamazia. Mfumo wa kumbukumbu za kidijiti unaosukumwa tangu 2021 na muungano wenye Adobe, Microsoft na BBC ndani yake ni bora kidogo, kwa kuwa unaandika historia ya faili: lilitoka kifaa gani, likahaririwa na nini. Ila hata huo unaanzia kwenye lenzi. Kilichopangwa mbele ya lenzi hauna habari nacho. Alley angekuwa na kamera ya leo inayoruhusu kupiga mara mbili kwenye fremu moja, cheti kingetoka safi.

Kimya hicho kinatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari Mjerumani mtafiti wa bakteria aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alikuja na msafara wa kutafiti malale. Alipitia Amani, kwenye milima ya Usambara, kisha akaweka kambi Visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa umeua watu kwa maelfu. Koch alikuwa mmoja wa wanasayansi wa kwanza kuitetea kamera kwa nguvu: mwaka 1877 alichapisha picha za bakteria, akiamini mchoro hubeba mawazo ya mchoraji na kamera haibebi. Na msafara wake uliacha picha. Anaonekana akifanya kazi, anaonekana na msaidizi wake Friedrich Karl Kleine wakimpasua mamba, kwa kuwa alitaka kujua kama mbung'o walinyonya damu ya mamba. Hakuna kioo kilichopigwa mara mbili, hakuna elektrodi iliyofutwa. Kwa kipimo cha lebo hizi ni picha safi kuliko zote nilizozitaja.

Lakini kwenye Sese jaribio kubwa halikuwa la mamba. Lilikuwa la dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki, waliyodungwa wagonjwa waliokuja kambini. Ilipoonekana kwamba vimelea vinarudi kwenye damu, Koch alijaribu dozi kubwa zaidi, na baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa. Picha ya mzee mwenye ndevu aliyeinama juu ya mamba haisemi hayo, na si kwa sababu imeghushiwa. Mamba alikuwepo, kisu kilikuwepo, mkono ni wa Koch. Maelezo ya picha za safari kama hizo mara nyingi huwataja Wazungu kwa majina kamili na vyeo, na anayeshikilia beseni pembeni huitwa "mwenyeji". Aliyetuambia kuhusu waliopofuka ni karatasi: ripoti na takwimu za msafara wenyewe, na wanahistoria waliozisoma tena. Nchini Ujerumani, ambako taasisi kubwa ya afya ya umma inabeba jina la Koch, mjadala kuhusu urithi huo umeendeshwa juu ya maandishi hayo, wala si juu ya uhalisi wa picha.

Ndiyo maana nikisikia vyombo vyetu vya habari navyo vinataka programu za kutambua akili mnemba, huwa naangalia kwanza kile kimstari kidogo chini ya picha zao. Mara nyingi kimeandikwa: "Picha: Mtandao." Mtandao haujawahi kushika kamera. Kimstari hicho ndicho kilichokuwa na nafasi ya kutuambia kwamba kioo kimoja kilipigwa mara zaidi ya moja, Colorado Springs, Desemba 1899, mpiga picha Alley, mashine ikiwa imezimwa Tesla alipoketi. Herufi zisizozidi mia mbili. Nafasi ipo, haijazwi, na hakuna programu ya kutambua AI itakayoijaza. Kwa upande wangu nilimwandikia mjomba maelezo hayohayo kwenye kundi. Akakaa kimya hadi jioni, kisha akauliza: "Na hicho kiti, alikikalia kweli?" Nikamjibu ndiyo, alikikalia.